Kinyago Cheusi Si Lazima Kiwe Mpingo: Dhana Potofu za Manunuzi ya Krismasi

Ikifika Desemba, wazazi wanaosomesha watoto nyumbani huwaleta vijana wao kwa wachongaji wa Mwenge, Dar es Salaam, ili kununua zawadi kuwe pia somo. Ni wazo zuri. Kinachokera ni kwamba kabla hata hawajamaliza kibanda cha kwanza, mzazi ameshamfundisha kijana jambo lisilo kweli.

Dhana: Kikiwa cheusi ni mpingo. Ukitaka uhakika, sugua kwa spiriti. Rangi ikitoka, umeuziwa feki.

Nusu zote mbili ni makosa. Weusi wa juu hausemi chochote, kwa sababu dawa ya viatu huufanya hata mwembe, mwarobaini au mjakaranda kuwa mweusi tii kwa dakika chache. Spiriti nayo inawaponza wachongaji waaminifu. Mpingo halisi una rangi ya asili inayoyeyuka kwenye spiriti, kwa hiyo kitambaa kitachafuka kwa kahawia yenye zambarau hata kama kinyago ni mpingo mtupu. Isitoshe, wapo wanaoupaka rangi mpingo wenyewe ili kuficha ganda la nje la shina, ambalo ni jeupe lenye umanjano. Nimechoka kuona mtu akirudisha kazi safi mezani huku akimwita fundi mwizi kwa sababu ya kitambaa.

Tazama chini ya kinyago. Omba ruhusa, kisha kwangua kwa wembe eneo dogo kama ukucha, kwenye kitako tu. Mpingo utaendelea kuwa mweusi au kahawia ya zambarau kadiri unavyokwangua. Mti uliopakwa utaonyesha weupe au umanjano mara moja. Ila usikwangue palipo na ganda la asili: hapo hata mpingo ni mweupe. Ganda hilo hufuata mkondo wa mti, halikatiki kama mstari wa brashi.

Kazi inayomfaa kijana ni kupima msongamano, yaani gramu ngapi za mti zimo katika kila mililita ya ujazo wake, na hii ifanyike nyumbani, si kwenye meza ya muuzaji. Omba kipande cha mabaki kutoka kwenye mti uleule uliochongewa kinyago chako. Karakana zimejaa vipande hivyo.

Kwanza pima uzito wa kipande kikiwa kikavu. Kisha weka bakuli la maji juu ya mizani ya jikoni ya kidijitali na uirudishe kwenye sifuri. Funga kipande kwa uzi, kizamishe chote kikiwa kinaning'inia, bila kugusa kuta wala kitako cha bakuli, na usome mizani. Gramu utakazoona ni sawa na mililita za ujazo wake; gawanya uzito mkavu kwa ujazo huo. Kipande cha gramu 310 kinachosoma 258 kina msongamano wa takriban 1.2, na huo ndio mpingo. Mwembe, mwarobaini na mjakaranda vikikauka huelea, kwa hiyo vitakuwa vimejibu swali kabla ya hesabu. Makosa ya kawaida ni mawili. Kipande kikigusa kitako, mizani itasoma uzito mwingi kuliko inavyopaswa na msongamano utaonekana mdogo. Viputo vya hewa vikinasa kwenye mashimo, hutoa kosa hilohilo. Kitoe haraka, kifute, kikauke kivulini.

Dhana: Kinyago chenye ufa ni kibovu.

Mpingo hukauka polepole sana na mara nyingi huchongwa ukiwa bado na unyevu. Ufa mwembamba kwenye kitako hauna neno, na fundi huuziba kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mpingo. Ufa wa shingoni au kwenye mkono mwembamba, achana nao. Ukishanunua, usikiache kwenye dashibodi ya gari wala mbele ya kiyoyozi. Hapo ndipo vingi hupasuka.

Dhana: Bei yoyote unayotajiwa, kata nusu.

Huko ni kubahatisha. Muulize fundi kazi ilimchukua siku ngapi na mti ulimgharimu kiasi gani, halafu omba upunguziwe kwa kuchukua vitu vitatu sehemu moja. Na mwache kijana aulize mwenyewe! Wazazi wengi humsemea kwa kudhani anayesoma nyumbani hajazoea watu. Nenda naye Jumanne au Jumatano asubuhi, mwanzoni mwa Desemba, wenzake wakiwa bado darasani na fundi ana nafasi ya kuongea. Jumamosi ya mwisho kabla ya sikukuu hakuna atakayemjibu.

Dhana: Picha ya Tingatinga, ule mtindo wa uchoraji wa Kitanzania, ikikauka juu, iviringishe tu.

Rangi yake ni ya mafuta yenye kung'aa, na hukauka juu kabla ya ndani. Picha ya jana ukiiviringisha leo, itagandana. Ipe wiki nzima, kisha iviringishe upande wenye rangi ukiwa nje, na karatasi isiyoshika katikati.

Dhana: Mpingo hauruhusiwi kupelekwa nje.

Upo chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kutoweka, tangu 2017, lakini haujapigwa marufuku. Kwa zawadi ya shangazi aliye Uingereza, omba risiti inayotaja jina la mti, na uulize masharti ya nchi inayopokea kabla ya kufunga mzigo.