Amekumbuka, au ni mazoea tu?

Mama ana miaka 74. Nikimuuliza kama amemeza dawa ya presha anasema "ndiyo" bila kusita, kumbe kidonge bado kipo. Ananidanganya?

Sidhani. Amemeza kidonge hicho kila asubuhi kwa miaka, kwa hiyo "ndiyo" inakuja yenyewe. Kuna kukumbuka tukio lenyewe: glasi ya maji, redio ikisoma taarifa ya habari. Na kuna mazoea, ambayo hutoa jibu kabla hujafikiri. Kwa kusikiliza tu, huwezi kujua jibu limetoka wapi.

Watafiti wanatenganishaje kukumbuka na mazoea?

Kwa kuzigombanisha. Mbinu hii aliieleza mwanasaikolojia Larry Jacoby, akiwa Kanada, mwaka 1991. Tuseme umeonyeshwa orodha yenye neno "kitambaa". Baadaye unapewa KITA… umalizie. Zamu ya kwanza unaambiwa: andika neno la kwenye orodha, na usipolikumbuka andika lolote linalokujia. Zamu ya pili: andika neno lolote, ila la kwenye orodha usiliandike. Anayekumbuka ataandika "kitanda" au "kitabu". Akiandika "kitambaa", limejipenyeza lenyewe, maana angelikumbuka angelikwepa.

Chukua namba za mfano. Maneno ya orodha yametokea mara 60 kati ya 100 zamu ya kwanza, mara 30 zamu ya pili. Tofauti, yaani 30, ndiyo kukumbuka. Katika zile 70 zilizobaki, neno limejileta mara 30, kama asilimia 43. (Hesabu hii inachukulia kwamba njia hizo mbili hazitegemeani. Hapo wataalamu wamebishana sana.)

Ipi inachakaa na umri?

Kukumbuka. Mazoea hayatetereki sana, na hapo ndipo penye mtego. Mwaka 1999 Jacoby alionyesha kwamba wazee waliosoma neno mara nyingi zaidi walizidi kulikubali kimakosa pale walipotakiwa kulikataa. Kwa hiyo ukimrudia mama "mwarobaini hautibu kisukari" kila siku, huenda yakabaki "mwarobaini" na "kisukari" tu. Mtajie dawa aliyoandikiwa.

Nifanyeje basi?

Usimuulize, angalia. Tafuta kiboksi cha vidonge chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku: cha Jumanne kikiwa kitupu, amemeza. Usimwongeze kidonge kwa kukisia. Na akianza kupotea njia ya sokoni aliyoizoea, mpeleke kwa daktari, maana hapo hata mazoea yameguswa.