Je, wajua kwa nini mpiga mikwaju wa raga hurudi nyuma badala ya kulisogelea goli?

Mtu anayetazama raga kwa mara ya kwanza pale uwanja wa Kyadondo, Kampala, huwa na maswali mawili. La kwanza: trai imeshafungwa, yaani mpira umeshagusishwa chini nyuma ya mstari wa goli, mbona wanapiga mpira tena? La pili huja muda mfupi baadaye, mpigaji anapouchukua mpira na kuanza kulipa goli mgongo: mbona anakwenda mbali hivyo, na nani kamlazimisha?

La kwanza lina jibu fupi. Katika raga ya Uingereza ya karne ya 19, kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli hakukuleta alama hata moja. Kulikupa ruhusa tu ya kupiga mpira uvuke katikati ya milingoti. Siku hizi trai yenyewe ina alama 5, mkwaju unaoifuata, yaani konvasheni, una alama 2, na penalti, yaani mkwaju unaopigwa golini baada ya kosa la wapinzani, ina 3. Alama 2 zaonekana chache mpaka uyaone yaliyotokea kwenye uwanja wa Namboole, Uganda, Julai 2025, katika fainali ya Kombe la Afrika. Zimbabwe iliishinda Namibia 30-28 na kurudi kwenye Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1991. Tofauti ni konvasheni moja tu.

Swali la pili ndilo tamu. Sheria inataka konvasheni ipigwe mkabala na pale mpira ulipoguswa chini. Trai ikifungwa kando ya uwanja, mpigaji hawezi kujisogeza katikati. Anachoweza kuchagua ni umbali wa kurudi nyuma. Milingoti imeachana mita 5.6. Ukisimama kwenye mstari wa goli lenyewe, kwa upande, nafasi hiyo huioni kabisa, kama mtu aliyeegemea ukuta akijaribu kuchungulia mlango uliomo kwenye ukuta huohuo. Kila hatua ya kurudi nyuma inafungua nafasi kidogo. Ukizidisha, goli linaanza kuwa dogo tena kwa sababu ya umbali.

Hesabu inaonyesha kwamba nafasi huwa pana zaidi pale unaporudi nyuma karibu sawa na ulivyo kando. Trai ikifungwa mita 15 kutoka katikati ya goli, rudi kama mita 15, na utapata pembe ya karibu nyuzi 11. Ikifungwa mita 30 kando, hata ukichagua mahali bora kabisa, pembe haizidi nyuzi 6. Ndiyo maana mchezaji aliyekwisha kuvuka mstari pembeni, akiona hakuna wa kumkamata, huendelea kukimbia kuelekea katikati ya milingoti kabla ya kuuweka mpira chini. Anamwokoa mwenzake. Hata pale katikati bado mpigaji hurudi nyuma, kwa sababu wapinzani waliosimama kwenye mstari wa goli wanaruhusiwa kumkimbilia mara tu anapoanza kuuendea mpira, na mpira unapaswa kupita juu ya mikono yao na juu ya mwamba ulio mita 3 kutoka chini.

Penalti haina uhuru huo. Alama ya kosa ndiyo mahali, na ukirudi nyuma unaongeza umbali kwa hiari yako. Hapo nguvu huhesabika, lakini kwa maoni yangu tunaisifu nguvu kupita kiasi. Kinachomtengeneza mpiga mikwaju ni mpangilio uleule kila mara: mpira umekaa vipi juu ya kitegemeo chake, hatua ngapi nyuma, ngapi pembeni, mguu usiopiga unatua wapi, kichwa kinabaki chini. Na yote hayo ndani ya sekunde 60, saa ikihesabu.

Mtazame Morné Steyn wa Afrika Kusini. Juni 2009, akiwa na miaka 24, aliingia kama mchezaji wa akiba jijini Pretoria dhidi ya Lions, kikosi cha pamoja cha Uingereza na Ireland. Matokeo yalikuwa 25-25 na muda umekwisha. Akapiga penalti kutoka nusu yake mwenyewe ya uwanja, ikapita. Wiki chache baadaye mjini Durban alifunga alama zote 31 za timu yake dhidi ya New Zealand: trai moja, konvasheni moja, penalti 8. Kisha akaenda Ufaransa kuchezea klabu ya Stade Français, na baada ya 2016 timu ya taifa ikaendelea bila yeye. Lions waliporudi 2021, aliitwa tena. Akaingia, akiwa na miaka 37, dakika za mwisho za mechi ya mwisho jijini Cape Town, mambo yakiwa 16-16, akapiga penalti ya ushindi. Kasi ya miguu huondoka na umri, ila mpangilio ule ulikuwa haujaenda popote. Wavaa jezi nambari 10 wengi, ambao mara nyingi ndio wapiga mikwaju, wamedumu kwa namna hiyo.

Huku Uganda tumewaona kina Ivan Magomu na Philip Wokorach wakibeba kazi hii kwa Rugby Cranes, timu yetu ya taifa. Lakini vijana wengi wameipenda raga kupitia mchezo wa wachezaji saba, na wana haki, maana Uganda ilitwaa ubingwa wa Afrika 2016, 2017 na 2022. Tatizo ni kwamba katika wachezaji saba mpira haukalishwi chini. Unadondoshwa mkononi na kupigwa unapodunda. Ni ufundi mwingine kabisa. Kijana anayetaka kupiga mikwaju ya wachezaji 15 anahitaji kitegemeo chake, mpira wake na goli tupu wenzake wakishaondoka, na klabu ingefanya vyema kumwachia saa hiyo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mashabiki wa Kampala hulisahau. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kimo kisichopishana sana na cha Pretoria ambako Steyn alipiga ule mkwaju wa 2009. Hewa ya juu ni nyepesi, haiuzuii mpira sana, hivyo mkwaju huenda mbali kidogo. Ukishuka Mombasa, hewa ni nzito zaidi na upepo wa bahari unaingilia. Mpigaji aliyezoea Kyadondo anapaswa kufika uwanjani mapema huko, aanzie karibu na goli, arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mpira uanze kupungukia chini ya mwamba. Hapo ndipo atamwambia nahodha wake: penalti ya mbali kuliko hapa, tusijaribu.