Kabla hujashona, fumua kwanza

Mwanafunzi akija kwangu siku ya kwanza kujifunza kushona huwa ameshanunua kitambaa, mita mbili tatu hivi, kipya, kina harufu ya maduka ya Biashara Street hapa Mombasa, na anataka tukae kwenye cherehani hapo hapo. Namwambia kikunje kwanza, tutakirudia. Halafu namkabidhi suruali ya jinzi iliyochoka niliyoitoa soko la Kongowea na wembe mkononi, namwambia haya, fumua. Kuna mama mmoja alinitizama akaniambia, "Mwalimu, mimi nimelipa nije nishone, sikuja kubomoa." Namuelewa sana. Lakini sijawahi kubadilisha hili na sidhani nitabadilisha.

Sababu ni hii. Ukifumua mguu wa jinzi unaona kwa macho yako kwamba ule mshono wa ndani ya mguu si mshono mmoja, kingo moja imekunjwa ikaingia ndani ya nyengine, zikalala, halafu zikapigwa njia mbili za uzi, ndio maana mtu anavaa miaka na hapasuki. Ukifika mfuko wa nyuma unakuta kwenye pembe mashine imepiga zigizagi fupi fupi zilizobanana, hapo ndipo mkono unapovuta kila siku. Ukifumua shati unagundua mkono wa shati ulikuwa mpana kuliko tundu lake na ukaingizwa kwa kubembelezwa kidogo kidogo, sasa mtu aliyekuwa analia kwamba mikono yake inakunjamana begani anaelewa papo hapo, wala sijasema neno. Hayo yote nikiyachora ubaoni watu wanatikisa vichwa, wiki ijayo yamekwenda.

Mimi nilipojifunza, pale nilipofunzwa tulishona karatasi za magazeti wee mpaka tukachoka, mistari iliyonyooka tu, halafu tukarukia kitambaa kipya na kunakili kila tulichoambiwa. Nilitoka nikijua kushona sketi lakini hakuna aliyewahi kunionyesha kwa nini sketi inakaa vile, na hilo liliniuma kwa muda mrefu maana nilikuwa nalipa.

Sasa kufumua kwenyewe kuna adabu yake. Usivute! Ukivuta unachana kitambaa na unakilegeza. Kata uzi kila baada ya mishono minne mitano, upande mmoja tu, halafu geuza ushike uzi wa upande wa pili, utatoka mzima kama kamba ya tende. Zipu weka, vifungo weka, mifuko ya nyuma usiifumue kabisa ikiwa unataka kushona begi, ikate na kitambaa chake cha chini uibandike vile vile. Ukimaliza, fua, piga pasi, halafu ndio tuongee kuhusu kukata.

Kabla ya kukata kuna moto. Nguo za mtumba nyingi kibandiko kimeshakatwa, huwezi kujua ni pamba au ni nini, kwa hivyo tunanyofoa nyuzi chache kutoka kwenye pindo, tunazishika kwa kibanio cha chuma juu ya sahani yenye maji na kuwasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, na harufu ni ya karatasi, jivu lake laini linapeperuka. Polista inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi. Ikifanya yote mawili ujue imechanganywa. Hili silichezei hata kidogo. Miaka ya mwanzo nilishona vishikio vya sufuria kwa sketi za shule zilizopauka, vilikuwa vizuri mno, nikampa jirani yangu, akashika sufuria ya biriani na kitambaa kikayeyukia kidoleni. Alinisamehe siku ile ile, mimi bado nalikumbuka. Tangu hapo kishikio ni jinzi ya pamba mbele na nyuma, taulo kuukuu la pamba katikati, na kila kimoja kimepita kwenye kiberiti kwanza.

Jinzi yenyewe wanafunzi wanaiogopa kwa sababu inavunja sindano. Haivunji, mnatumia sindano ya leso, yaani khanga, kushonea jinzi! Weka namba 16, ukipita sehemu nene weka 18, refusha mshono, na pale mishono miwili inapokutana ikafanya nundu chukua nyundo uigonge, naam nyundo, juu ya kipande cha mbao, mpaka ilale. Halafu zungusha gurudumu kwa mkono mishono ile michache, usikanyage. Cherehani zetu ni za kukanyaga, stima ikipotea darasa linaendelea, na kwa hewa hii ya bahari tunazipaka mafuta ya cherehani kila Jumamosi tukimaliza. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda ndani kama gundi.

Baada ya uchaguzi wa 2022 niliulizwa sana kuhusu mabango, yale ya plastiki yenye sura za wagombea. Ni mali safi kwa begi la sokoni, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwezi wa nane 2017 begi la sokoni halikosi mnunuzi. Lakini ile haina subira kama pamba, tundu la sindano likitoboka limetoboka, halizibiki. Kwa hivyo usitumie pini, bana kwa vibanio vya kuanikia nguo. Usiweke mshono mfupi, ukibananisha matundu utakuwa umetengeneza mstari wa kuchania, weka milimita tatu na nusu au nne. Kile kiguu kinachobana kitambaa kitang'ang'ania plastiki, tandika karatasi nyembamba juu, shona na karatasi yake, mwisho uichane. Pasi usiisogeze karibu kabisa. Na mfuko wa chakula cha mtoto mimi sishoni kwa bango, wino ule na plastiki ile sitaki viguse mkate.

Halafu leso. Hapa naenda polepole.

Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, kwao lenço ni kitambaa cha mkononi, na inavyosimuliwa huku pwani kina mama walikuwa wananunua vile vitambaa kabla havijakatwa, wanavishona pamoja vikatoa vazi moja pana. Yaani leso ilianza kwa kuunganisha vipande. Huwa nawaambia wanafunzi hivyo wanapoona haya kwamba wanashona viraka. Lakini leso ina pindo pande zote, ina mji, yaani ile sehemu ya katikati, ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na ukipitisha mkasi ovyo umekata maneno ya mtu. Tandaza chini, tizama dakika kumi, ndio ukate. Ile mpya loweka peke yake, ubadilishe maji mpaka yatoke meupe, isije ikachujia rangi kwenye kitambaa cha jirani.

Mwaka huu msichana mmoja alileta kisutu, ile leso ya harusi, cha bibi yake aliyefariki. Katikati kimekwisha, unaona mkono ukikiweka nyuma, pindo bado zima na jina limebaki nusu. Alitaka mto. Nilimwambia hii hatufumui na hatuipeleki kwenye cherehani. Tulitandika chini yake marekani, ile pamba isiyopaushwa iliyoitwa hivyo kwa kuletwa kutoka Marekani karne ya 19, tukapiga bandi kwa mkono, mishono midogo midogo kuzunguka kila penye tundu, maana ukipitisha uzi mzito kwenye kitambaa kilichochoka uzi ndio unaokikata. Jumamosi tatu nzima. Nilimuuliza kama anataka tumalizie zile herufi zilizofutika kwa uzi mweusi akasema "La mwalimu, ziache, mimi nazijua." Vipande vilivyobaki amevitia kwenye bahasha, anasema dadake aliyeko Likoni atakuja kuvishona mwenyewe, ila kwanza itabidi nimpe jinzi na wembe.