Valvu Haipimwi kwa Kidole

Wiki hii tena nimeletewa hedi (kichwa cha injini, penye valvu) kutoka Changamwe, hukumu imeshakatwa njiani: "Gaidi zote zimekwisha, fundi. Tingisha mwenyewe uone." Gaidi ni kijirija ambamo mguu wa valvu, yaani stemu, huteleza. Nimechoka kutingishiwa valvu. Nitaandika mara moja, ajaye nimpe asome huku nikiosha hedi yake.

Valvu lazima icheze. Chukua injini ya 4A-FE ya Toyota: stemu ya inteki (valvu ya kuingizia hewa) ni milimita 5.970 hadi 5.985, tundu la gaidi ni 6.010 hadi 6.030. Yaani ikiwa mpya kabisa ina nafasi ya 0.025 hadi 0.060, na kikomo ni 0.08. Ekzosti (ya kutolea moshi) inaruhusiwa kufika 0.10. Sasa isukume valvu mpaka stemu itokeze nje ya gaidi kwa kiasi sawa na urefu wa gaidi yenyewe, kisha uitikise. Stemu inalala upande huu, halafu upande ule, na mchezo unaouona kwenye kichwa cha valvu ni mara tatu ya nafasi iliyomo ndani. Nafasi ya 0.05, ambayo haina tatizo lolote, kidole kinaisoma 0.15. Hiyo ndiyo "imekwisha" yenu! Na gaidi ikiwa imejaa oili nzito, mtikiso unafifia, mbovu inapita. Hata ukiweka dayo geji (saa ya kupimia mchezo) kwenye kichwa hicho, usiilinganishe namba yake na 0.08. Vitabu vinavyopima kwa kutikisa vina kikomo chao cha peke yake, kikubwa zaidi.

Kidole pia hakikwambii kilicholika ni kipi, gaidi au stemu. Gaidi hailiki sawasawa. Valvu husukumwa kwa ubavu kila inapofunguliwa, kwa hiyo ncha za gaidi hupanuka kama mdomo wa zumari na katikati hubaki karibu na kipimo chake cha zamani. Mwenye kupima katikati tu atakuapia kuwa ni nzima. Pima tundu juu, katikati na chini, na kila kina ukipime mara mbili: kufuata upande wa msukumo, kisha kwa kuukata. Stemu nayo ipime kwa mikromita sehemu tatu, pamoja na pale pasipoingia kwenye gaidi, maana hapo ndipo utajua ilizaliwa na unene gani. Tundu kubwa kabisa toa stemu nyembamba kabisa. Wastani hapa unaficha ugonjwa. Na kama stemu peke yake imepoteza 0.02, jaribu hesabu na valvu mpya kabla hujaanza kugonga gaidi nje.

Lakini geji ya tundu dogo, ile ya kupimia ndani ya gaidi, nayo ni ya kuhisi. Mimi na kijana wangu tunapima gaidi moja na tunatofautiana kwa 0.01. Jibu likija 0.075, sijui kwa hakika iko upande gani wa kikomo cha 0.08. Hapo nauliza gari ni la nani: matatu ya Likoni nabadilisha, gari la kwenda msikitini Ijumaa naliacha.

Joto la Mombasa lisikusumbue. Kwa stemu ya milimita 6, digrii kumi na mbili juu ya 20, joto la kawaida la kupimia, haziongezi unene hata 0.001. Chumvi ndiyo adui. Maji ya kisima kwenye rejeta hula aluminiamu pembeni mwa matundu ya maji. Rula ya chuma na fila (bamba jembamba la kupimia mwanya) ya 0.05 zitakwambia hedi imenyooka, na gasketi haina pa kukaa. Hapo tumia macho na ukucha.

Siti, pale valvu inapokaa ikifunga: upana wa mguso 1.0 hadi 1.4, kwa rangi ya kupaka. Springi: urefu, unyoofu, nguvu. Hizo hazina ubishi.

Ukileta hedi, valvu ziwe zimepangwa silinda kwa silinda. Zikija zimechanganywa ndani ya ndoo, siwezi tena kujua stemu ipi ililiwa na gaidi ipi, na saa zangu za kuzipanga upya zitakuwa kwenye bili yako.