Mwanafunzi wa sayansi na utungaji wa sera nchini Kenya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Sera ni kazi ya maprofesa na wabunge.

Ukweli: Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge liwawezeshe wananchi kushiriki katika utungaji wa sheria, na haikutaja shahada. Mswada ukifika kwenye kamati, tangazo la kualika maoni hutolewa magazetini likiwa na tarehe ya mwisho, na maoni ya maandishi hupelekwa kwa Karani wa Bunge. Kurasa mbili zinazotaja kifungu, maneno yanayopendekezwa na sababu zake huifaa kamati kuliko tasnifu nzima.

Dhana: Kutetea sayansi ni kuandamana.

Ukweli: Kuandamana ni haki, ila si njia pekee. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ardhilhali Bungeni, yaani hati rasmi ya kuliomba Bunge lichukue hatua, na sheria ya mwaka 2012 inayosimamia utaratibu huo inaruhusu iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Mwasilishaji hutakiwa kueleza kama suala lenyewe limeshafikishwa kwa taasisi husika na jibu lilikuwa lipi, aseme kama liko mahakamani, kisha amalizie kwa ombi lililo wazi. Kwa maoni yangu, ombi hilo ndilo sehemu ngumu zaidi, maana ni rahisi kujaza karatasi malalamiko bila kusema Bunge lifanye nini. “Maabara zetu ni duni” ni lalamiko. “Bunge liitake wizara ichapishe kila mwaka kiasi kilichotolewa kwa utafiti” ni ombi.

Dhana: Sheria ikishapitishwa, kazi imekwisha.

Ukweli: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 iliutengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti 2% ya pato la taifa kila mwaka, lakini fedha unazopata ziko mbali sana na kiwango hicho. Pengo hilo huzibwa, au huachwa, wakati wa bajeti. Ibara ya 221 inataka makadirio yafikishwe Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia Aprili 30, na kamati inayoyapitia ni lazima ipokee maoni ya wananchi. Mwanafunzi anayesubiri hotuba ya bajeti ya Juni ndipo aandike, kwa kawaida huwa amechelewa.