Kufuatilia mgonjwa kwa mbali na nesi wa simu ni kitu gani?

Jina ni refu ila lisikutishe. Mgonjwa anabaki kwake, kliniki inampa mashine ya presha, au mizani, au ya sukari, au kale kadude ka kubana kidoleni kanakosoma oksijeni, akishapima tu namba zinaenda zenyewe kliniki, na mashine nyingi siku hizi zina laini yake humo ndani kwahiyo hata asiye na wifi wala simu janja anaweza.

Sasa wengi wanaishia hapo, wanaona mashine ndo huduma. Mashine inapima tu jamani! Kazi yenyewe iko kwa nesi anayeziona zile namba akanyanyua simu.

Chukua mzee wa Marekani ambaye moyo wake umechoka kusukuma damu. Asubuhi akitoka chooni, kabla ya chai, anapanda mizani. Akiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku moja, au kilo 2 na ushee ndani ya wiki, huko sio kunenepa, hapo washuku maji yanajaa mwilini. Nesi anapiga: miguu imevimba? viatu vinabana? usiku unalalia mito mingapi? vidonge vya kukojoza maji umemeza au vimeisha? jana ulikula nini chenye chumvi? Akishasikia majibu anamwambia daktari, dozi inaweza kubadilishwa siku hiyohiyo kabla mzee hajaanza kuhema usiku akakimbizwa hospitali.

Presha nayo hivyohivyo, namba ikija kubwa nesi hakurupuki, anauliza kwanza ulikaa ukatulia dakika 5? mkono ulikuwa mezani? au umefunga ule mkanda juu ya sweta? Anampimisha tena ndo waongee.

Na habuni maswali. Manesi wa simu wanafuata miongozo iliyoandikwa, Marekani inayojulikana sana ni ya madaktari Schmitt na Thompson, inayokuambia huyu aite ambulensi sasa hivi, huyu aonwe leo, huyu ajiuguze nyumbani. Uswidi ukipiga 1177, namba ya ushauri wa afya, nako unapokelewa na nesi, tofauti ni kwamba nesi wa kliniki yako ana faili lako, anajua dawa zako, na mimi naona hapo ndo utamu wote ulipo.

Hela je? Medicare, bima ya wazee ya serikali kule Marekani, ilianza kuilipia kivyake 2018, halafu 2019 zikaja kanuni za malipo zinazotaka mgonjwa apime angalau siku 16 kati ya 30, na wahudumu watumie dakika 20 kwa mwezi wakiwemo na maongezi ya kweli na mgonjwa. 2026 wakalegeza, hata siku chache au dakika 10 zina malipo yake.

Penye hela ndo ujanja unapoingia. Septemba 2024 wakaguzi wa wizara ya afya ya huko walisema kama asilimia 43 ya waliopata huduma hii kwa Medicare hawakupata vipande vyake vyote vitatu, yaani kuelekezwa na kufungiwa mashine, mashine yenyewe, na kusimamiwa matibabu. Kwahiyo ukiletewa mashine uliza nani anasoma namba na saa ngapi, maana kliniki nyingi wanaziangalia saa za kazi tu, kifua kikibana usiku wa manane usikae unapima presha ukingoja kupigiwa, kwa Marekani ni namba ya dharura 911 moja kwa moja.