Vijeba: MRI inapima mfupa, haisomi tarehe ya kuzaliwa

Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, walikwenda AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya vijana wa chini ya miaka 17 (U-17) kule Gabon mwaka 2017 baada ya kuwa wameshatolewa uwanjani na Congo Brazzaville. TFF, shirikisho letu la soka, ililalamika kwamba mchezaji wao mmoja ni kijeba, yaani amezidi umri wa mashindano; CAF, shirikisho la soka Afrika, ikaagiza akapimwe, Wakongo hawakumpeleka, tiketi ikaja kwetu. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Ila mwaka 2005 sisi ndio tuliopokonywa nafasi ya fainali za Gambia kwa kosa lile lile, ikapewa Zimbabwe.

Wazazi na walimu wa michezo hutuuliza sana kipimo hicho kinafanyaje kazi. Ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ya kifundo cha mkono, na FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009 nchini Nigeria. Hakina mionzi kama eksirei, hivyo ni salama kwa kijana asiye mgonjwa. Daktari huangalia mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, pale unapokaribia kiganja. Kwa anayeendelea kukua kuna mstari wa gegedu karibu na ncha ya mfupa, na mstari huo hufungika taratibu kwa hatua 6. Wavulana wa miaka 16 waliofikia hatua ya 6, yaani mstari umefungika kabisa, ni wachache mno: hawafiki asilimia 1. Ndiyo maana aliyefika hapo huhesabiwa amezidi umri.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Kijana wa miaka 18 au 19 aliyechelewa kukomaa anaweza kupita kipimo vizuri tu, kwa hiyo kupita si cheti cha kuzaliwa. Kwa wasichana hakitumiki, kwa sababu mifupa yao hufungika mapema zaidi. Na yule mmoja adimu ambaye kweli ana miaka 16 lakini mfupa umeshafungika, tafadhali asiitwe tapeli mbele ya wenzake.

Nyaraka nazo husema. AFCON ya U-17 iliyochezwa Dar es Salaam mwaka 2019, Guinea ilifika fainali, kisha ikapoteza nafasi ya Kombe la Dunia kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wamecheza mashindano Japani wakiwa na tarehe nyingine za kuzaliwa. Senegal ikachukua nafasi hiyo.

Kuelekea michezo ya kufuzu AFCON ya U-17 ya 2023, wachezaji 21 kati ya 30 wa Cameroon walianguka MRI. Vijana 21 hawajipangi wenyewe kwenye kikosi. Kuna mtu mzima aliyewaona, akawapenda kwa vifua na miguu yao, akawachukua.

Uteuzi wa namna hiyo ndio unaoniumiza zaidi. Fikiria watoto wawili waliozaliwa mwaka 2010, mmoja Januari, mwingine Desemba. Kanuni inawahesabu rika moja, kumbe wamepishana miezi 11. Wakifika miaka 14, wa kwanza huenda ameshabalehe, sauti nzito, anashinda kila mpira wa kichwa. Wa pili bado anasukumwa kwa bega anaanguka. Huyo mdogo ana kazi ngumu hata pasipo udanganyifu wowote. Sasa mwekee na kijeba wa miaka 19 katikati ya uwanja! Atakaa benchi msimu mzima, na mwakani hatarudi. Tumempoteza fundi kwa ajili ya kombe la wilaya.

Mzazi, msajili mtoto angali mchanga. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, hutoa cheti bila malipo. Cheti kilichotolewa miaka 14 kabla ya mashindano hakuna anayekitilia shaka.

Nawe kocha, kabla ya kutangaza kikosi, andika mwezi wa kuzaliwa mbele ya kila jina. Ukikuta karibu wote ni wa Januari hadi Aprili, rudi mazoezini uwatazame upya wa Oktoba, Novemba na Desemba: wanavyopokea mpira, wanavyoinua kichwa kabla ya kutoa pasi.